Damu ya Katibu

Jumatatu, 1 Oktoba 1984

Nimeanza kuandika kwa sababu sina mtu wa kugombana naye. Dr. Mutunga, mkuu wetu, yuko semina. Akitoka semina huenda mkutanoni. Kisilu, mhudumu wa maabara, hagombani na mtu. Ukimtukana anakushukuru, halafu anakuahidi atakuombea. Ni mtu wa kwaya. Kwa hiyo nimebaki na daftari.

Mimi ni Mbinya, fundi wa maabara ndogo ya mifugo ya mradi hapa Kitui. Niliambiwa nitakaa miezi michache tu kisha nirudi makao makuu Nairobi, na miezi hiyo imezaa miaka. Sasa Dr. Mutunga anasema kazi yangu ikionekana msimu huu, uhamisho utatoka. Msimu gani? Mvua ilikataa mwezi wa nne, na watu wanakula mahindi ya manjano ya msaada, wakiyatukana huku wakiyatafuna. Ng'ombe wamekufa mpaka fisi wameanza kuchagua vipande.

Alhamisi, 4 Oktoba

Vumbi. Hakuna sampuli. Kisilu ameimba siku nzima.

Jumanne, 9 Oktoba

Mama yangu anaamini kazi yangu ni kuosha chupa. Basi niiandike, siku moja asome mwenyewe.

Mnyama akiugua, tunachukua makamasi au usaha wake kwa pamba. Pamba hiyo tunaipaka juu ya jeli iliyomiminwa kwenye sahani ndogo ya kioo. Jeli imechanganywa na damu ya kondoo, maana vijidudu vya mapafu vinachagua chakula. Juu yake naweka vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowa dawa yake, na sahani inalala kwenye kabati la joto. Asubuhi vijidudu vimeota sahani nzima kama ukungu juu ya ugali uliolala, ila pale penye dawa inayoviua panabaki duara tupu. Napima duara kwa rula. Duara pana, dawa inafaa. Hakuna duara, usipoteze sindano. Hiyo ndiyo kazi yangu, mama. Naambia watu dawa gani itaponya kabla hawajainunua, na huwa sikosei.

Damu tunaipata kwa Katibu. Ni kondoo dume wa maabara, na tulimpa jina hilo kwa sababu hutafuna bila kukoma na kumwangalia kila mtu kana kwamba anaandika kumbukumbu za mkutano. Kisilu humbana kichwa kati ya magoti na kumfunika macho kwa kiganja. Mimi natoboa shingo. Kisha Kisilu huitikisa ile chupa, yenye shanga za kioo ndani, ili damu isigande. Hatumii saa. Anaimba wimbo mmoja wa kanisani, beti zote, na wimbo ukiisha damu iko tayari. Nimemwambia mara nyingi atumie saa.

Kuna pia kijidudu cha mfano tulicholetewa kutoka Nairobi, ambacho tabia zake zote zinajulikana. Kila nikipika sahani mpya natakiwa kukiotesha kwanza, nihakikishe sahani ni nzima. Nimeacha tangu kiangazi kilipokolea. Jeli ni kidogo, na sahani zangu nazijua.

Jumatatu, 15 Oktoba

Sampuli zimeanza kumiminika kutoka Zombe, Mutomo, kila upande. Wanyama wamebaki mifupa na kila ugonjwa unawabishia hodi. Kwa hiyo Katibu naye anatolewa damu kila mara, na kidonda cha shingoni hakipati nafasi ya kufunga. Leo kilitoa usaha. Kisilu alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia kana kwamba ameleta habari ya msiba.

"Madam, shingo ya Katibu imeoza. Si tumdunge tu penisilini kidogo?"

"Katibu hadungwi dawa."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

"Lakini mbona, Madam? Baba yangu alikuwa anatoa ng'ombe damu na mshale, wakati wa njaa, tunakunywa. Lakini ile imetolewa ilikuwa inapumzishwa mpaka ipone."

"Ni sheria ya maabara, Kisilu. Wewe shika kichwa."

Akashika kichwa. Sababu ya sheria ipo, na si ngumu, lakini sikuajiriwa kumweleza mtu aliyeishia darasa la saba kwa nini anafanya anachoambiwa. Katibu alilia nilipotoboa upande wa pili. Kisilu naye machozi yalimtoka, mtu mzima mwenye ndevu. Nilimcheka mbele yake.

Jumamosi, 20 Oktoba

Kidonda cha Katibu kimekauka. Nilimwuliza Kisilu amefanya nini. "Maji ya chumvi na maombi, Madam." Nikasema basi Mwenyezi amekumbuka kondoo akasahau huku kwetu Ukambani. Sikuuliza zaidi. Damu ninayo tele, ya kuuliza ni nini?

Jumatatu, 22 Oktoba

Mvua!

Watu wamesimama barabarani midomo wazi. Hata mimi nilitoka nje nikalowa, viatu na vyote.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mvua imenyesha bila kupumzika, na sasa imeanza kuua. Wanyama waliovumilia jua lote wanasimama kwenye maji ya baridi bila nyama mwilini. Wanakohoa, wanaanguka. Walionusurika na kiu wanakufa kwa maji, na kule nje majani yanachipua mbele ya pua zao. Mtu mmoja kutoka Zombe aliniletea makohozi ya ndama ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, mafuta yakiwa bado yameganda pembeni. Nilimuuliza kama alitaka niyapime au niyakaange.

Jumatatu, 29 Oktoba

Tumekwenda Zombe na Landrova, mimi na Kisilu, kuchukua sampuli wenyewe badala ya kungoja mikebe. Barabara ni tope tupu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Mutindi. Mumewe alikwenda pwani kutafuta kazi na kazi ikammeza. Nilipoona nyumba yake nilidhani imechomwa. Ina kuta nne na miti ya paa, na juu ya miti hakuna kitu. Mvua ilikuwa inaingia moja kwa moja hadi kitandani.

"Paa lilienda wapi?" nikamuuliza.

"Walikula." Akaonyesha maksai wawili chini ya mti. "Mwezi wa nane nyasi iliisha kila mahali. Nikaanza kutoa ile ya nyumba, kidogo kidogo. Mbuzi nimekula zote. Hawa sijagusa."

Ni maksai wa plau, Sajini na Posta. Sajini ni mwekundu mwenye kifua kipana. Posta ni mweusi, na alipewa jina hilo kwa sababu huchelewa lakini hufika. Wote wawili walikuwa wakihema kwa mdomo, makamasi yakining'inia. Mutindi hakulia wala hakubembeleza. Alisimama kati yangu na gari.

"Sikia, Madam. Shamba ni ile. Udongo umelowa, jirani wote wameshalima. Mimi na wasichana wangu hatuwezi na jembe, tumekauka, unaona. Hii mvua ikipita kabla hawa waamke, sisi tumekwisha. Hakuna paa ingine ya kula."

"Nitapima," nikasema.

"Usipime tu. Niambie dawa yenye itafanya. Niko na kuku wawili wa kuuza, na wakienda wameenda. Sindano ni ya mara moja. Nikikosea hakuna ya pili."

Kisilu aliwashika pua nikachukua makamasi. Kisha akauliza kama wanaweza kuomba. Mutindi akamwambia aombe upesi. Nilimpenda mwanamke huyu, na si kawaida yangu kumpenda mtu aliyenizuia njiani.

Alhamisi, 1 Novemba

Matokeo ya Zombe ni mazuri kuliko yote niliyowahi kusoma. Duara la penisilini ni pana katika kila sahani, karibu liguse ukingo. Sajini, Posta, ndama wa mkebe, mbuzi wa mwalimu, wote. Vijidudu vyenyewe vimeota kwa shida, vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Nimefurahi kama mjinga. Nimeweka sahihi: PENISILINI INAFAA. Dereva amepeleka majibu leo leo.

Ijumaa, 2 Novemba

Dr. Mutunga amerudi, akaona zile sahani, akapiga mluzi. "Mbinya, hizi results zinaenda Nairobi na jina lako." Kisha, akiwa anaondoka kwenda mkutano mwingine: "Ile transfer, wewe anza kufunga mizigo."

Katibu ana afya. Kisilu ana afya. Hata mimi niliimba kidogo nikiosha rula, na Kisilu akanipa sauti ya pili.

Jumatano, 7 Novemba

Mvua. Sahani zote penisilini. Sasa nasoma hata kabla sijazitoa kabatini.

Ijumaa, 9 Novemba

Mtu wa Zombe amekuja na habari. Mutindi aliuza kuku, akanunua penisilini kwa Bishar, mfanyabiashara wa mifugo mwenye duka la dawa sokoni Zombe, akamdunga Sajini, na kilichobaki akampa Posta. Sajini hajaamka. Ndama wa mkebe amekufa. Mbuzi wa mwalimu wamekufa, na walidungwa wote.

Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama. Sahani zangu zinasema dawa inafaa. Mnyama amepewa dawa akafa. Basi ile haikuwa dawa. Nilimwambia yule mtu mbele ya wote waliokuwa foleni: "Maabara haikosei. Rudini mkamuulize mwenye duka anauza nini kwenye hizo chupa. Mimi nadhani anauza maji."

Kisilu alikuwa anafagia. Aliacha kufagia.

"Lakini, Madam, ya Bishar ni nzuri. Mimi nimeona ikiponya."

"Umeiona wapi?"

"Nimeona tu," akasema, na ufagio ukaendelea.

Jumanne, 13 Novemba

Jana siku ya soko watu wa Zombe walivunja duka la Bishar. Dereva anasema walitoa chupa zote, zile za penisilini, za tetrasaiklini, hata za minyoo, wakazipasua kwenye jiwe la mchinjaji moja moja huku wakihesabu kwa sauti. Hakuna aliyeiba hata moja. Walikuwa na hasira safi.

Nilisikia fahari kidogo, halafu nikasikia kitu kingine ambacho sikukipenda, nikaenda kupika sahani.

Jumatano, 14 Novemba

Bishar mwenyewe amekuja. Nilikuwa nimemfikiria mnene. Kumbe ni mwembamba, wa makamo, kanzu imepasuka begani na amefungwa kitambaa mkononi. Aliingia, akasalimu, akatoa mfukoni chupa moja ya penisilini na kuiweka mezani polepole kama yai.

"Hii ilikuwa chini ya kitanda ya Nadifa, bibi yangu. Ndiyo imebaki. Wewe ndiye Mbinya?"

"Ndiye mimi."

"Pima."

"Nitapima, mzee, na majibu nitayabandika sokoni Zombe, uwe tayari."

"Bandika. Mimi nangoja hapa Kitui kwa ndugu. Nimeuza dawa toka kijana, hakuna siku nimeweka maji. Wallahi, kama ni maji mimi nakunywa hiyo chupa mbele yako."

Nilitaka ushahidi ambao hata wakili asingeupinga. Kwa hiyo nilikitoa kile kijidudu cha mfano, kile kinachoota popote ukikiweka, nikakipaka kwenye sahani safi. Upande mmoja nikaweka kikaratasi kilicholowa dawa ya Bishar, upande mwingine kikaratasi kilicholowa maji matupu. Mahali pa maji lazima paote. Mahali pa dawa, nikajiambia, pataota vilevile, na mzee atarudi kwao ameaibika.

Alhamisi, 15 Novemba

Nililifungua kabati asubuhi. Sahani ilikuwa tupu.

Si pale penye dawa tu. Kote. Penye maji, katikati, pembeni. Kijidudu kisichoshindwa kuota hata kwenye mate hakikuota popote. Niligeuza sahani kwenye dirisha nikitafuta angalau doa. Nikafikiri nimesahau kupaka. Nikachukua sahani nyingine ya mpiko huohuo, nikapaka tena, na nikachukua moja ya zamani niliyoikuta ndani kabisa ya friji, ya tangu kabla ya mvua, ya damu ya mwezi wa tisa. Ilipofika jioni, ile ya zamani ilikuwa imeanza kuota ukungu. Mpya ilikuwa safi kama siku niliyoimimina.

Basi sahani zenyewe zilikuwa na dawa. Kwenye kila sahani niliyosoma tangu mvua ianze, vijidudu vilikuwa vinapigwa kutoka chini na jeli na kutoka juu na kikaratasi. Ndiyo sababu viliota vyembamba. Ndiyo sababu kila duara la penisilini lilikuwa pana. Dawa isingeweza kuviua vijidudu vya Zombe peke yake. Nilikuwa nimeisaidia bila kujua. Na katika jeli yangu kuna kitu kimoja tu kinachotoka kwa kiumbe hai.

Kisilu alikuwa nyuma, anamchana Katibu manyoya kwa kitana. Kitana chake mwenyewe.

"Umemdunga nini?"

Hakukataa hata kidogo. Alifurahi, Mungu nisamehe, alifurahi kwamba nimeuliza.

"Penisilini, Madam. Nanunua mwenyewe kwa Bishar, inakuja na basi ya Zombe. Kila baada ya kutolewa damu namdunga, ndiyo kidonda isioze. Sijatumia ya maabara, hata tone. Ile uliniambia ni sheria, mimi nilijua ni ya kubana matumizi."

"Kubana matumizi!"

"Sasa mimi ningejua ni nini?"

Nilimweleza hapo hapo kwa kupiga kelele: dawa inaingia kwenye damu, damu inaingia kwenye sahani, sahani inadanganya. Niliona ikimwingia polepole. Kwanza alimwangalia Katibu. Halafu akaketi chini kwenye samadi.

"Maksai wa yule mama," akasema.

Bishar alikuwa ameshasimama mlangoni, amekuja kuchukua majibu yake, na alikuwa amesikia yote. Nilimwambia dawa yake ni nzuri. Nilimwambia nitaandika barua.

"Barua ya nini? Duka iko wapi?" Akachukua chupa yake mezani. "Wewe binti, sikusema wewe ulivunja. Wewe uliwapa tu sababu." Kesho anaondoka na familia yake kwenda Garissa. Alipofika nje alirudi, akampa Kisilu ile chupa kwa mkono wake mzima. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mteja wake.

Ijumaa, 16 Novemba

Damu ya kondoo wa kuchinjwa, kutoka kwa mchinjaji wa Kalundu. Nimepika sahani, nimekijaribu kijidudu cha mfano kwanza, kimeota vizuri. Nimepaka upya sampuli za Zombe, zile nilizokuwa nimehifadhi kwenye friji. Naogopa kuangalia saa.

Jumamosi, 17 Novemba

Duara la penisilini: hakuna. Vijidudu vimeota mpaka vimepanda juu ya kikaratasi. Duara la tetrasaiklini: pana. Tetrasaiklini, ile iliyokuwa imejaa kwenye rafu za Bishar na sasa iko kwenye jiwe la mchinjaji. Maabara ilikuwa na chupa moja.

Tulikwenda Zombe, Dr. Mutunga, mimi na Kisilu. Njiani Daktari alisema: "Tukiwaambia maabara ilikosea, hakuna mtu ataleta sample tena mpaka tufe. Kuna mtu mmoja alikosea. Tuseme hivyo." Aliongea Kizungu karibu chote, ili Kisilu asiudhike. Mimi niliangalia nje. Kila shamba lilikuwa limeota kijani.

Sajini alikuwa amekufa juzi. Mutindi na wasichana wake walikuwa wameshindwa kumvuta, wakamkata pale pale alipoanguka, na ngozi ilikuwa imetandikwa juu ya miti ya nyumba. Ndiyo paa sasa. Inafunika kitanda tu.

Nilimdunga Posta. Kisilu alimshika kichwa na kumfunika macho kwa kiganja, kama afanyavyo. Mutindi alingoja mpaka sindano ilipotoka.

"Mlisema penisilini."

Daktari akakohoa. "Mama, pole sana. Huyu mhudumu wetu alivunja sheria ya maabara, akaharibu matokeo. Tumeshamfuta kazi."

Mimi ndiye niliyetia sahihi. Mimi ndiye niliyeacha kukijaribu kijidudu cha mfano. Mimi ndiye niliyetaja maji. Nilikuwa nimeshika sindano tupu na nilikaa kimya, na kukaa kimya kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Mutindi hakupiga kelele. Alimzunguka Kisilu polepole, akimwangalia mabega, miguu, kama mtu aliye mnadani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mwaitu," Kisilu akasema. Alimwita mama yetu, kama tunavyowaita wanawake waliotuzidi, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri.

Tuliporudi garini Kisilu hakupanda. Daktari alipiga honi mara mbili. Kisha Kisilu akasema atakuja na basi.

Jumatano, 21 Novemba

Barua ya uhamisho imefika. Imesifu "umakini wa kipekee".

Alhamisi, 22 Novemba

Mchinjaji amemchukua Katibu. Nilimwambia nyama yake ina dawa, angoje. Alisema watu waliong'oa paa kulisha ng'ombe, wataogopa sindano?

Jumatatu, 26 Novemba

Nilimwomba dereva anipeleke Zombe. Nilisema ni kumkagua Posta. Labda ilikuwa kweli.

Nilisikia mjeledi kabla sijaona shamba. Plau ilikuwa inakuja upande wangu, inayumba, msichana mkubwa wa Mutindi ameishikilia kwa mikono yote miwili. Kwenye nira, upande wa kushoto, Posta, mbavu nje, ametoa ulimi. Upande wa kulia, pale pa Sajini, Kisilu. Nira ilikuwa imekaa juu ya gunia lililokunjwa begani, na damu ilikuwa imepita kwenye gunia. Walikuwa wanalingana nguvu, mtu aliyefunga kula na maksai aliyetoka kuugua. Mutindi alitembea pembeni. Posta akilegea, mjeledi unamfikia Posta. Kisilu akilegea, unamfikia Kisilu. Hakumpiga kwa hasira wala kwa kumhurumia. Alimpiga kama alivyompiga Posta.

Walipofika mwisho wa mstari wakasimama kuhema. Nilikwenda.

"Kisilu, toka humo."

"Bado ile kipande, Madam. Mahindi imepita, lakini pojo itawahi. Mwaitu anasema mvua iko na wiki mbili."

"Watu watasema nini?"

"Wanasema tayari." Alijaribu kucheka. Mdomo ulikuwa umepasuka. "Katibu ako aje?"

Nilimwambia ako sawa.

Akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Halafu akaniangalia, na sikuona lawama yoyote usoni mwake, na hilo lilinikera kuliko kitu chochote. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujifunza kazi.

"Ungeniambia tu, Madam. Ile siku ya kwanza. Ningejua ni ya sahani singemdunga. Ningemfukuzia inzi na mkono mpaka apone."

Nikamwambia Mutindi, maana Kisilu sikuweza kumjibu: "Mama, mimi ndiye nilisoma zile sahani. Sahihi ni yangu."

Mutindi alikuwa anakunja mjeledi. Aliniangalia viatu, akaniangalia mikono, kisha akaangalia mawingu.

"Sogea, Madam," akasema. "Ng'ombe wangu wanapoa."

Nilisogea. Plau ikageuka. Nilisimama pale kwenye udongo laini na nilimwonea wivu Kisilu, naandika hivi ilivyokuwa, nilimwonea wivu mpaka kwenye meno. Yeye kuna mtu amekubali kumpiga.

Ijumaa, 30 Novemba

Mvua kidogo.

Jumanne, 11 Desemba

Dereva anasema pojo za Mutindi zimeota. Anasema pia watu walimwambia sasa amwachilie Kisilu arudi kwao, na Mutindi amejibu kwamba palizi bado.

Ijumaa, 14 Desemba

Siku ya mwisho. Mizigo iko mlangoni. Mhudumu mpya ni mwanamke wa makamo, Ndululu, aliyekuwa akipika chai kwenye ofisi za mradi. Kondoo mpya pia amefika, hana jina na sikumpa. Tulimtoa damu pamoja. Hakuna aliyemfunika macho, akanipiga teke la goti.

Ndululu alitikisa chupa kwa kuangalia saa ukutani. Nikamwambia: huyu kondoo hadungwi dawa, hata akioza shingo, hata ukimwonea huruma, kwa sababu dawa ikiingia kwenye damu itaingia kwenye sahani, na sahani itadanganya, na mnyama wa mtu atakufa. Nilipomaliza, chupa ilikuwa bado inatikiswa. Wimbo wa Kisilu usingekuwa umefika hata ubeti wa pili.

Ndululu akaniangalia.

"Ni hiyo tu, Madam?"

Nikamwambia ni hiyo tu.